Barua ya Meza ya Kikuyu

Mzee Bartolomayo alikuwa na mwandiko wa kupigiwa saluti. Miaka ishirini na miwili alikaa masijala akifungua majalada, akiyapa namba na kuyafunga kwa kamba, na siku tulipopunguzwa kazi, mwaka 1994, alikabidhi funguo za makabati yote zikiwa na vikaratasi vya maelezo. Nilikuwa naye kwa sababu na mimi nilipunguzwa. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ileile. Tulitoka getini watu arobaini na mmoja, na mlinzi ambaye jana yake alituamkia shikamoo akawa ghafla anaangalia barabara.

Nasema haya mumjue mtu mwenyewe, maana baadaye wapo waliomcheka, na mimi sikupenda.

Kilichomwinua baada ya pale kilikuwa mchezo. Najua, mtu mzima na mchezo. Mke wangu alisema hivyohivyo. Afroz, binti wa mwenye duka la vitambaa pale Dodoma mjini, alirudi kutoka masomoni ng'ambo na mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anakuwa mtu fulani wa kubuni. Msimulizi anaeleza yanayotokea, wewe unasema mhusika wako anafanya nini, kisha dadu zinaamua kama amefaulu au ameumia. Ule wa kwake ulikuwa na ngome na wafalme wa huko. Tukamwambia, dada, hao hatuwajui. Akaufumua na kuushona upya, ukawa Mchezo wa Msafara: wapagazi, pembe za ndovu, ushuru wa njia ulioitwa hongo kwa watemi, njia ya zamani kutoka pwani kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora. Kufikia 1996 zilikuwepo meza tano, mbili mtaa wa Chang'ombe, moja mtaani kwetu Kikuyu, moja ya wanachuo na moja Mpwapwa, zote zikifuata kanuni za Afroz. Kila mhusika alikuwa na kadi yake, na kadi hiyo ilitambulika meza zote.

Mhusika wa Mzee Bartolomayo aliitwa Malugu. Alikuwa kirangozi, yule anayetembea mbele ya msafara na kuchagua njia. Safari kumi na nne alizimaliza. Mara moja alituvusha Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, bila kupoteza mpagazi hata mmoja, na habari zikafika Mpwapwa kabla ya Jumatatu. Watu wakaanza kumwita Kirangozi hata sokoni. Muuza nyanya anamwita Kirangozi! Na huyu ni mtu ambaye alipotoka kazini mtaa ulisahau jina lake ndani ya wiki moja. Nilimwona siku hiyo akichagua vitunguu, mgongo umenyooka, nikafurahi kana kwamba mimi ndiye niliyeitwa.

Mwezi wa saba ukaja waraka wa Afroz. Wachezaji wapya walikuwa wakilalamika kwamba wakongwe wanawamaliza, kila pembe ni yao, kila sifa ni yao. Kwa hiyo alipendekeza kanuni mpya: mhusika aliyemaliza safari kumi astaafu, kadi yake ipigwe muhuri na kuwekwa stoo, na mchezaji aanze na mtu mpya. Kila meza ilete maoni kwa barua katika wiki mbili. Upande wenye meza nyingi ndio utakaoshinda.

Mzee Bartolomayo aliusoma waraka mara mbili, akavua miwani.

"Ludovick," akaniambia, "yaani nistaafishwe tena?"

 Frida wa meza yetu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ulimi wake hauna breki, ndiye aliyesema kwa niaba yetu sote. "Hapiti mtu hapa. Tunaandika barua, na anaandika Mzee mwenyewe. Mwandiko tu utawatisha."

Tukaandika. Jumamosi nzima mchana, kwenye ubaraza wa Zaidi fundi redio, mimi, Frida na Zaidi tukimwaga hoja na Mzee akizipanga. Ukurasa wa kwanza ulisema kanuni hii ni uonevu mtupu. Wa pili ulieleza Malugu ni nani na amefanya nini. Wa tatu ulionya kwamba msafara usio na kirangozi mzoefu utafia nyikani. Wa nne ulikuwa wa moto kiasi kwamba Zaidi aliomba usomwe tena. Mzee akaimalizia kama barua ya ofisi inavyomalizwa, tukasaini wote wanne, tukajipongeza kwa ubuyu.

Siku ya matokeo tulikutana stoo, nyuma ya duka la baba yake Afroz, watu kama thelathini, tumekalia marobota ya khanga. Afroz akasimama na karatasi mkononi.

"Shikamooni wazee. Nashukuru kwa barua zenu, nimezisoma zote. Meza nne zimeunga mkono. Moja imepinga. Kanuni imepita."

Zaidi aliangusha soda yake. Chupa ikabingirika sakafuni hadi ukutani na hakuna aliyeinama kuiokota. Tukaanza kutazamana. Chang'ombe waliwatazama wanachuo, wanachuo wakatutazama sisi, na sisi tukawatazama wote kama watu waliopoteza pochi ndani ya chumba kilichofungwa.

"Nani kaunga mkono?" Frida akauliza. "Asimame tumwone!"

Hakusimama mtu. Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia Afroz mbele ya watu wote kwamba amegeuza matokeo, kwamba alishaamua tangu mwanzo na barua zetu amefungia bisi. Najuta mpaka leo. Binti wa watu alinitazama, akafungua bahasha na kutoa barua yetu.

"Kaka Ludovick, huu si mwandiko wa Mzee?"

"Ndio wenyewe. Soma!"

Akasoma. Ukurasa wa kwanza watu wakaguna kwa kukubali. Wa pili wakapiga makofi. Wa nne mmoja wa wanachuo akapiga mluzi. Kisha Afroz akafika chini kabisa, akapunguza sauti.

"'Baada ya kusema hayo machache, Mheshimiwa Mratibu, tunaunga mkono hoja hii kwa asilimia mia moja.'"

 Nilisikia taipureta ya duka la jirani ikigonga, nikatamani ardhi inimeze.

Afroz akachukua barua ya meza ya kwanza ya Chang'ombe. Kurasa tatu za kupinga, mwishoni wanaunga mkono hoja. Ya meza ya pili, hivyohivyo. Ya wanachuo, vijana wenye kujiona wajuaji, nayo hivyohivyo, wao wakiwa wameunga mkono mia kwa mia. Iliyobaki ilikuwa ya Mpwapwa, kipande cha karatasi ya daftari kilichoandikwa na Elieth, mwalimu wa mambo ya mifugo: "Hatutaki. Elieth, kwa niaba ya meza."

"Nilizisoma mara tatu," Afroz alisema. "Nikafikiri mmekasirika lakini mmekubali. Mtu akiniandikia kwamba anaunga mkono, mimi nani nimwambie hapana?"

Mtu wa mbali atatuona wajinga. Lakini sisi tunaishi Dodoma. Kila msimu wa bajeti tunakaa na redio, tunamsikia mheshimiwa mbunge akiipasua wizara vipande vipande, barabara hakuna, maji hakuna, dawa hakuna, na kengele ikikaribia anaunga mkono hoja na kukaa. Maofisini tuliandika vivyo hivyo. Ukimpinga mkubwa kurasa kumi, mwishoni unamuunga mkono asije akadhani unagombana naye. Ilikuwa adabu tu, kama wasalaamu mwishoni mwa barua, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza nani anaihesabu.

Elieth, ambaye alikuja kwa basi la asubuhi, alisimama na kujikung'uta vumbi. "Afroz, wape karatasi upya. Kila meza neno moja. Basi."

Afroz alikubali haraka, nadhani kwa huruma. Mzee Bartolomayo akapewa karatasi na kalamu. 

"Naanzaje?" akauliza.

"Usianze, Mzee," Elieth akamjibu. "Andika tu mnachotaka."

Akaandika "Hatukubali." Kisha nikaona mkono wake unashuka mstari wa chini, kalamu inatafuta pa kuendelea. Frida akaivuta karatasi taratibu kutoka mkononi mwake na kumpa Afroz.

Meza zote tano zikakataa. Kanuni ikafa palepale, Malugu akabaki na kadi yake. Kelele zilizopigwa ziliwatoa wateja dukani kuja kuchungulia. "Kirangozi! Kirangozi!" Zaidi alikuwa akicheza juu ya marobota. Nikageuka kumkumbatia Mzee, nikamkuta amekaa vilevile, kalamu mkononi.

"Mzee, tumeshinda," nikamwambia.

"Ludovick, ile barua ya wafanyakazi."

"Ipi?"

"Ya mwaka tisini na nne. Walipotuomba maoni kuhusu kupunguza watu."

Nikakaa. Niliikumbuka. Tulikutana kantini, watu walilia, mama mmoja wa mapokezi alizimia, na Mzee Bartolomayo, katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, akakusanya yote kwenye kurasa sita za kukataa. Baada ya wiki uongozi ukajibu kwa mistari miwili, ukiwashukuru wafanyakazi kwa kuliunga mkono zoezi. Tuliwatukana siku ile. Tulidhani wanatukejeli.

"Niliimaliza namna ileile," alisema, hata hanitazami. "Watu arobaini na mmoja, Ludovick. Mimi ndiye niliyewaandikia."

Nilitaka kumwambia kwamba wangetutoa tu, kwamba majina yalishapangwa, kwamba hakuna aliyeisoma barua ile hadi mwisho. Labda ni kweli.  Yeye aliiandika kwa mkono, lakini iliyokwenda kwa uongozi ilikuwa imepigwa chapa, na aliyeipiga ni mimi, kwa vidole hivi, hadi ule mstari wa mwisho, na sikukosea hata herufi moja.