Baba wa Sehemu ya Sita

Ukipita Mtaa wa Msimbazi mchana ukasikia kutoka ndani ya duka la mtu sauti nzito inacheka, inalia, inatukana kidogo halafu inaomba radhi, ujue huyo ni Tarsis. Mjini wanamwita DJ Kibatari. Kazi yake ni kutafsiri filamu na tamthilia za nje. Anakaa mbele ya skrini na hedifoni masikioni, na kila anayefungua mdomo mle ndani, awe bibi au kichanga, anamsemea yeye. Unaona rahisi? Jaribu siku moja kuwa polisi, jambazi na mke wa jambazi kwa pumzi hiyo hiyo, halafu uniambie kama jioni utakuwa na hamu ya kupiga soga na mtu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Tarsis. Akitoka kazini koo limekauka na kichwa kinamvuma. Anapanda ngazi za ghorofa lao pale Mchafukoge, anapita saluni ya akina mama iliyo chini, anafika juu, anaitikia shikamoo ya binti yake, anakula, analala. Binti ni mmoja tu, Jovitha, wa kidato cha tano. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado anasoma shule ya msingi, na tangu hapo wamekuwa wao wawili. Wanapendana, asikudanganye mtu. Ila mazungumzo yao yalikuwa "umekula?" na "nimekula," basi. Maneno yote mazuri Tarsis alikuwa ameshayamaliza kwa wazungu na Wakorea.

Studio yenyewe usiiulize. Ni stoo ya nyuma ya duka la Humoud, Mwarabu aliyezaliwa hapo hapo Kariakoo na baba yake pia kazaliwa hapo hapo. Kuta zimebandikwa trei za mayai, mlangoni limetundikwa godoro kuukuu ili honi za nje zisiingie. Feni ipo, lakini haiwashwi wakati wa kurekodi maana inanguruma. Tarsis anafanya kazi kifua wazi, taulo shingoni, jasho linatiririka mpaka kwenye kiti. Na sheria ya stoo ile ni moja: hakuna kuangalia kwanza. Unabonyeza, picha inatembea, unasema. Kitakachotokea mbele huko utakutana nacho huko huko.

Sheria hiyo ndiyo iliyomponza.

Maana ilikuja tamthilia moja, ya vijana wa shule katika nchi moja ya baridi. Hakuna bunduki, hakuna magari yanayolipuka. Ni watoto tu wanaojiuliza wao ni nani, wanampenda nani, na wazazi wao watasema nini wakijua. Humoud aliikunjia uso. Aliyeing'ang'ania ni Jovitha.

"Baba, itafsiri hiyo," alisema asubuhi moja akifunga kamba za viatu vya shule. "Wote darasani wanaizungumzia. Ila usiruke kitu."

"Kwani mimi huwa naruka?"

"Baba!" Jovitha alicheka. "Wewe? Unaruka kama chura!"

Tarsis naye akacheka, na kwa kuwa binti yake alikuwa haombi vitu, akambembeleza Humoud mpaka akakubali.

Sehemu ya kwanza akakutana na msichana mwenye nywele za bluu. Akampa jina la Zuhura, kwa sababu DJ lazima awape watu majina ya nyumbani, vinginevyo mteja anapotea. Akatokea msichana mwingine, wakashikana mikono na Zuhura kwenye ngazi za shule, wakatazamana. Tarsis picha inatembea, hana muda wa kufikiri, akasema kwenye maiki: "Huyu sasa anaitwa Pili, ni binamu yake Zuhura, mtoto wa mjomba, wamelelewa pamoja." Akapita. Kulikuwa na mvulana aliyepaka kucha rangi, huyo akamwambia mteja kwamba kijana ana fangasi na ile ni dawa.

Jamani, kumbe amejifunga kitanzi! Sehemu ya pili binamu wanaandikiana barua. Sehemu ya tatu binamu wanagombana kwa wivu, na Zuhura analia kitandani. Kufika ya nne Tarsis alikuwa anatoka jasho lisilo la joto. Kurudi nyuma haiwezekani, zile za mwanzo zimeshauzwa, ziko kwenye flashi za watu kuanzia Jangwani mpaka Mbagala.

"Mangi, angalia sana," Humoud alimwambia. Wachaga wote mjini ni Mangi. "Watu wana watoto majumbani. Wasije wakanirudishia mzigo hapa wanasema nauza uchafu."

"Sheikh, si nimesema ni mabinamu?"

"Mabinamu gani wale, wewe?"

Nyumbani Jovitha naye alianza kuuliza. Umefika ya ngapi, baba? Ya sita unaifanya lini? Swali hilo hilo, leo na kesho, huku anajifanya anafuta meza. Tarsis aliona mtoto ameipenda tamthilia, akafurahi, kwa sababu siku hizi furaha yake ilikuwa ndogo ndogo hivyo. Hakuuliza kwa nini ya sita.

Ya sita aliifanya Ijumaa mchana. Humoud alikuwa ameshavaa kanzu anataka kwenda msikitini na anamharakisha. Tarsis alikuwa ametoka kumalizia filamu ya vita, sauti imekwaruza. Akabonyeza. Kwenye skrini Zuhura anaingia jikoni kwa baba yake. Baba anakatakata vitunguu. Mtoto anasimama, anakunja mikono ya sweta, anasema kwamba amekuwa akimficha jambo, kwamba Pili si rafiki tu, anampenda.

Hapo Tarsis alichoka kabisa. Alichoka kudanganya. Akaitafsiri neno kwa neno, ikatoka safi, kwa sauti nyembamba ya kuogopa ambayo hata yeye ilimgusa. Kisha ikafika zamu ya baba.

Yule baba wa kwenye skrini alinyamaza kwanza. Kimya kirefu. Na kimya kwa DJ ni hatari, mteja atadhani flashi imekwama. Tarsis hakusubiri asikie baba atasema nini. Alikumbuka kanzu ya Humoud, akakumbuka mabinamu, akakumbuka mzigo kurudishwa, akajaza mwenyewe, kwa ile sauti yake kubwa inayopendwa na mji mzima:

"Toka! Toka nyumbani kwangu! Sina mtoto kama wewe. Laiti ningejua, bora ningefuga mbuzi!"

Loo! Na yule baba kwenye picha anaacha kisu, anamwendea binti yake, anamkumbatia. Tarsis aliona hilo kumbatio linakuja, hana pa kukimbilia. Akasema kwenye maiki: "Anamnyanyua hapo, anampima uzito kabla ya kumrusha nje."

Humoud mlangoni alicheka mpaka akashika nguzo.

Watu waliipenda. Waliipenda vibaya sana. Kufika Jumatatu wapiga debe wa viatu pale Mtaa wa Kongo wanatupiana hiyo "bora ningefuga mbuzi", wabeba mizigo wanaambiana, na saluni ya chini ya ghorofa lao ilikuwa inairudia sehemu hiyo kila mteja mpya akikaa kusukwa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Tarsis alipanda ngazi kifua mbele.

Juu alimkuta Jovitha. Shikamoo baba. Marahaba mama. Akamwekea chakula, akaenda chumbani kwake. Kesho yake hivyo hivyo. Maswali ya tamthilia yalikwisha, hata mchezo wa kumcheka akiruka ulikwisha. Akitoka shule alikuwa hapiti nyumbani tena, anaenda kwa shangazi yake, Elieshi, anamsaidia kukunja vitenge dukani mpaka jioni. Tarsis aliona, ila alijiambia ni mitihani. Mtu aliyechoka hujipa jibu jepesi aendelee na safari.

Elieshi ndiye aliyemwita, Jumamosi asubuhi. Ni dada yake mkubwa, alitangulia kuja mjini kutoka Rombo, na akikuita huendi kesho.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa hapo." Alisogeza marobota, akamwambia msichana wake wa dukani aende kununua maji, akabaki naye peke yake. "Tarsis, ile kelele yako ya mbuzi nimeisikia."

"Watu wameipenda, dada."

"Mtoto wako pia ameisikia." Elieshi aliongea polepole, anakunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Alishaiona ile tamthilia kwa kizungu chake huko shuleni. Alijua baba yule anasema nini. Alikuwa anasubiri asikie wewe utasemaje. Ungesema vizuri, jioni hiyo hiyo angekuja kukueleza lake. Hakupata wa kumwambia, akaniambia mimi."

"Kakwambia nini?"

"Kwamba yuko kama yule binti wa nywele za bluu."

Nje muuza soksi alikuwa anaita bei kwa kipaza sauti, anaita, anaita. Tarsis alitamani kugomba, akatamani kucheka aseme ni utoto utapita, akaogopa. Aliogopa majirani, aliogopa kanisa, aliogopa watu wenye mawe mkononi. Chini ya yote hayo kulikuwa na kitu kingine, nacho kilikuwa aibu tupu.

"Wewe ulimwambia nini?" aliuliza.

"Nilimwambia nini mimi? Nililia. Nimesali, nimechoka kusali, bado sielewi. Lakini sikumfukuza, Tarsis."

Alirudi stoo. Humoud alikuwa anakula muhogo, akamuuliza Mangi vipi. Tarsis akavaa hedifoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile aliangalia kitu bila maiki. Aliangalia jikoni. Aliangalia kimya kile alichokiua, akakiacha kiishe chenyewe. Kilikuwa kirefu kweli. Kisha yule baba akasema, kwa sauti ya chini kiasi kwamba Tarsis alirudisha nyuma asikie tena: "Nisamehe kama nilikufanya uogope kunieleza. Mimi ni baba yako. Hilo halibadiliki." Basi. Ndipo akamkumbatia.

Tarsis alilia pale stoo, kifua wazi, taulo usoni. Tusimcheke.

"Nataka kuirudia ya sita," alimwambia Humoud.

"Umechanganyikiwa? Ile ndiyo inauza duka."

"Siirudii ya kuuza. Nakala moja tu, yangu."

Humoud alimtazama. Wamefanya kazi pamoja miaka, amemwona na homa, amemwona na msiba. Aliweka muhogo chini, akaenda kuzima feni mwenyewe, akashusha godoro mlangoni.

Tarsis aliirekodi mara nyingi. Kila mara sauti ilitoka ya kifilamu, ya kujikaza, akafuta. Mpaka koo likaishiwa vitimbi, ikabaki sauti yake ya kawaida, ya kukwaruza, ile anayoulizia chumvi mezani. Kwa sauti hiyo akasema maneno ya yule baba kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na kimya akakiacha. Akatia flashi mfukoni, akaondoka jua bado lipo.

Jovitha alikuwa kibarazani juu, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo baba. Leo mapema."

"Marahaba, mwanangu." Tarsis hakukaa. "Nimetoka kwa shangazi yako."

Mikono ya Jovitha ilisimama kwenye mchele.

"Nimeirudia ile sehemu," Tarsis aliendelea haraka haraka, akamnyooshea ile flashi. "Ya sita. Sasa iko kama ilivyo, sijaruka hata neno. Njoo tuiangalie wote."

Jovitha aliipokea. Alifuta kwanza vumbi la mchele kwenye gauni, akaipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Akaigeuza geuza. Macho yalimjaa, lakini hakulia, na hakuonyesha hasira, ingawa hasira Tarsis angeipokea kwa shukrani.

"Asante, baba," alisema. "Najua umehangaika."

"Basi njoo."

"Hii umeisema ukijua anayesikiliza ni mimi."

"Ndiyo, mama. Kwa ajili yako."

"Ile ya kwanza ulikuwa hujui." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Mimi nilitaka kusikia hiyo, baba. Utamwambia nini mtoto wa watu, ukiwa hujui kama ni mimi."

"Nilikuwa nimechoka, Jovitha. Haki ya Mungu, nilikuwa nimechoka tu."

"Najua ulikuwa umechoka," Jovitha alisema. "Ndiyo maana nikaamini yametoka moyoni."

Akaiweka flashi taratibu juu ya ukuta wa kibaraza, karibu na baba yake, akaubeba ungo, akaingia ndani kuosha mchele.