Alama za Viota

Mjomba wangu alikuwa mtunza panya. Akiulizwa kazi yake alijibu, "Niko maabara," watu wakamdhania daktari, naye hakuhangaika kuwasahihisha. Sisi nyumbani tulimwita Profesa wa Mapanya, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Panya wale weupe walikuwa wameambukizwa ugonjwa wa prioni, ambao hufanya protini za ubongo zikunjike vibaya na kuharibu nyingine, kama samaki mmoja akioza. Wenye kadi ya njano kizimbani walianza dawa ya majaribio kabla ya dalili. Wenye kadi ya bluu walianza baada ya kuugua. Wenye kadi nyeupe hawakupewa kitu. Kila jioni Mjomba aliweka kipande cha pamba katika kila kizimba, na asubuhi alikagua kiota na kutoa alama, sifuri hadi tano. Panya mgonjwa pamba haigusi. Kwa alama Mjomba alikuwa bahili. Tano aliitoa kama anang'olewa jino.

Kisha mama yangu, dada yake wa pekee, akatia chumvi kwenye chai. Tulimtania. Mwezi uliofuata alishindwa kufunga vifungo, na hospitali wakatuambia ni ugonjwa huohuo, na hauna dawa.

Tangu hapo Mjomba alikuwa haoni kadi nyingine ila za bluu. Asubuhi moja aliandika tatu. Daktari wa maabara, binti wa umri wangu, akailinganisha na picha ya kiota.

"Mzee wangu, hii tatu umeiona wapi?"

"Pale pembeni, pamechanwa kidogo."

"Pamelowa maji tu, mzee."

Mjomba akachukua kalamu, akaifuta ile tatu mwenyewe, akaandika sifuri. Alinisimulia haya jikoni kwetu, akisugua sufuria ambayo ilikwisha takata.

"Nilitaka kumsaidia mama yako," akasema, "nikaishia kumsaidia panya."

Nilimkasirikia. Nilitaka nimwambie kwamba alama zake hazimponyi mtu. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nikimpigia simu kila asubuhi kumuuliza, "Wa bluu wameamkaje?"

Majibu yalitoka mwezi huo. Wa njano waliendelea kujenga viota. Wa bluu walikufa wiki ileile na wale wa kadi nyeupe. Kwenye kikao cha maabara watu walipiga makofi, maana dawa ya kuzuia ugonjwa ule haikuwa imewahi kuonekana pale. Mjomba naye alipiga.

Jioni alikuja kwetu, akaketi kando ya kitanda. Maneno ya mama yalikuwa yanatoka moja moja.

"Dawa... yenu?"

Mjomba akanitazama. Nilijua anachotaka kusema, nikashindwa kumzuia.

"Imefanya kazi, dada."

Mama akatabasamu, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa wiki nyingi. Akautoa mkono chini ya shuka polepole, akakifungua kiganja, akasubiri apewe.