Nyanya Alikuwa Akinipima

Juzi niliingia duka moja hapa Houston kumtafutia binti yangu viatu vya shule. Nikafungua boksi la raba nyeupe, na harufu ya mpira mpya ikanipanda puani hata nikalazimika kukaa kwenye kile kibenchi cha kujaribia. Muuzaji aliniuliza kama niko sawa. Nilimwambia niko sawa, na nikamdanganya. Harufu ile ilikuwa ya sanduku la nyanya yangu, na lile sanduku, wenzangu, niliwahi kuliogopa kuliko mbwa wa jirani.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Cedar Hill, hukuhuku Texas, mimi na Mama peke yetu. Mama alikuwa nesi wa zamu za usiku. Alipopata uraia, kabla hata picha za siku ya kiapo hazijatundikwa ukutani, alianza kumwombea mama yake viza aje kutoka Voi. Tangu hapo nyumbani kwetu habari zikawa za Nyanya tu. Mahamri ya Nyanya, hadithi za Nyanya, jinsi Nyanya atakavyonipenda. Kisha siku ikafika, akatokea uwanja wa ndege mwanamke mrefu aliyevaa sweta la kijani, akanitazama kuanzia utosini mpaka viatuni, akaangua kilio. Sikuwahi kumliza mtu kwa kusimama tu. Nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Mjue kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Hata leo nikipewa zawadi huigeuza kwanza nione chini yake kuna nini. Na Nyanya alinipa ya kushuku tele. Alitoa sandukuni leso mbili, magauni yake machache na Biblia, akafunga zipu, akalisukuma sanduku chini ya kitanda likiwa bado zito. Mtu aliyekuja kukaa humaliza kufungua mizigo yake, hilo hata mtoto analijua. Asubuhi, Mama akisharudi kutoka kazini na kulala, Nyanya alichukua simu, akaenda gereji, akaingia ndani ya gari lililozimwa, akafunga mlango na kuzungumza Kitaita, lugha ambayo Mama hakuwahi kunifundisha. Nikisogea, ananyamaza. Akirudi ndani macho yake ni mekundu, na anasema ni vumbi. Gereji yetu ilifagiliwa kila wiki.

Halafu kukaanza kupimwa. Jumamosi alinikalisha katikati ya magoti yake anisuke. Alikuwa na mkono mwepesi, nisimdhulumu, na mistari yake ilinyooka kuliko ya msusi tuliyekuwa tukimlipa. Lakini kabla ya kuanza nilihisi vidole vyake vikitambaa mgongoni mwangu kwa shubiri, kutoka shingoni mpaka kiunoni, kisha kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, na kutoka kiwiko mpaka kiganjani. Siku nyingine akanisimamisha juu ya kipande cha boksi la konfleksi, akachora unyayo wangu kwa kalamu, akaukata kwa makasi, na unyayo wangu ukapotelea sandukuni.

Hapo nikaogopa kweli. Kina mama wa kanisani walikuwa wakija kwetu kwa maombi, na baada ya chai walipenda kusimuliana mambo ya nyumbani, wakidhani mimi natazama katuni. Ni wao waliosema kwamba mchawi akitaka kukumaliza huchukua mchanga ulioukanyaga. Mimi nikafikiri kwamba Cedar Hill pote ni simenti na zulia, kwa hiyo mchawi wa huku hana budi kutumia boksi.

Nilijaribu kumwonya Mama alipokuwa akivua viatu vya kazi.

"Nyanya ananipima. She took my foot, Mum."

"Unakua, anafurahi kukuona," alinijibu kwa miayo. "Wacha Nyanya apumzike, na mimi pia nipumzike."

Basi upelelezi nikaufanya mwenyewe. Nyanya alipokuwa akioga, nililivuta sanduku na kulifungua, na ile harufu ya mpira ikanijaa usoni. Chini kulikuwa bado na nguo za Nyanya, na juu yake raba nyeupe, saizi yangu, bei ya dukani bado imebandikwa. Gauni la njano lenye mkanda, saizi yangu. Soksi, penseli za rangi, sabuni ya kunukia, na unyayo wangu wa boksi umelazwa ndani ya kiatu cha kulia. Nikakaa sakafuni kufikiri. Kumbe hakuwa mchawi. Mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nyanya alikuwa amenifungia virago! Siku moja Mama akiwa kazini angenitorosha hadi Voi na kunificha huko. Ndiyo maana sanduku halikumalizika kufunguliwa, na ndiyo maana ya simu za gereji. Pamoja na hofu yote ile, nilijiona mwerevu sana.

Mama aliporudi asubuhi alinikuta mlangoni nikilia.

"Nyanya wants to steal me! Amepaki nguo zangu!"

Akiwa bado na sare ya kazi, Mama alikwenda moja kwa moja chumbani na kulivuta sanduku. Nyanya alisimama kando ya kitanda, mikono imelegea. Mama akaliinua gauni la njano, akalitazama, kisha akakaa chini kwenye zulia.

"Mum, si tuliongea? Si nilisema nguo za Wakesho nitatuma mimi?"

"Utatuma, ndiyo," Nyanya akasema. "Lakini saizi yake utaijulia wapi? Mimi mwenyewe naanza kuisahau. Ndiyo nampima huyu. Si walizaliwa mwaka mmoja?"

Jina la Wakesho nililijua. Anti Wakesho, kitinda mimba wa Nyanya, tulimtaja katika sala kila siku. Ila kina anti wote niliowajua walikuwa na mikoba, manukato na magari. Haikunijia kamwe kwamba anti anaweza kuwa na miaka tisa. Mama alinieleza palepale chini. Alipoanza kumwombea Nyanya alidhani, kama walivyodhani wengi kanisani, kwamba mtoto mdogo humfuata mama yake. Kumbe raia akimwombea mzazi, viza ni ya mzazi peke yake. Hayo Nyanya na Wakesho waliyajua Nairobi kwenye mahojiano ya viza, wakati Wakesho ameshaagwa shuleni na darasa zima limemwimbia. Nyanya akamwacha kwa jirani. Sasa ilibidi yeye, akiwa mkazi wa Marekani, amwombee bintiye upya, na foleni ilikuwa ya miaka. Miaka yote hiyo lazima akae Texas. Akirudi kukaa nyumbani angepoteza kadi yake ya ukazi, na ombi la Wakesho lingekufa pamoja nayo. Ili ampate mwanawe, ilimbidi akae mbali naye.

Asubuhi hiyo simu ilipigwa sebuleni, si gereji. Wakesho alitokea kwenye kioo cha simu akiwa na sare ya shule, ametoka darasani.

"Ndiye huyo?" akauliza.

"Ndiye," Nyanya akasema.

"Asimame nimwone."

Nikasimama. Alinikagua kuanzia utosini mpaka miguuni, na jicho lile nililitambua, maana lilikuwa langu mwenyewe, la mtu anayehisi kwamba anaibiwa.

"Mimi ni mrefu kumliko. Gauni uongeze." Kisha akaisogelea simu. "Nywele umemsuka wewe, Mama?"

Kichwa cha Wakesho kilikuwa kimenyolewa. Jirani alikuwa na watoto wake wengi na hakupata muda wa kusuka. Nyanya akajifunika mdomo kwa ncha ya leso. Mimi nikaishika mistari yangu kwa mikono miwili. Nilimwonea Wakesho huruma, lakini nisiwafiche, zaidi nilimwogopa.

Alifika tukiwa na miaka kumi na minne. Tulikwenda kumpokea sote, na Nyanya alikataa kukaa tangu tulipoingia pale uwanja wa ndege. Akatokea msichana mrefu, mtulivu, akampa mama yake mkono kwanza. "Shikamoo," akasema, "safari ilikuwa njema, asante," kwa adabu ya mtu anayemsalimu mama wa rafiki yake. Nyanya akamvuta, akamkumbatia asitake kumwachia. Lakini macho yake yalipita juu ya bega la Wakesho, yakaganda kwenye mlango, abiria wengine wakiendelea kutoka. Nilidhani anaangalia mizigo. Sasa nina binti wa miaka tisa, na naamini Nyanya alikuwa bado anamngojea yule mtoto aliyemwacha.