Bei ya Mashine Tisa

Alikuwa na kanuni moja, naye aliishika kuliko watu wengi wanavyoshika sala: hakutoa kitu ndani ya mashine zake za kuuzia vinywaji bila kukilipia. Funguo zote tisa zilining'inia kiunoni mwake, zikilia kila alipopiga hatua, hata watu wakamwita Mama Funguo. Angeweza kufungua mashine yoyote na kujitwalia chupa ya baridi, na nani angemuuliza? Lakini alisimama mbele ya kioo kama mteja yeyote, akatumbukiza sarafu, akabonyeza namba, akangoja chupa ianguke. "Mkono ukizoea kuchota bure kwako," alisema, "kesho utachota kwa jirani."

Ni kanuni njema, sina neno nayo. Ila hata kanuni njema, ikishikwa na moyo uliosinzia, huweza kudanganya kama uongo wenyewe.

Mashine ya kwanza aliinunua kwa mafao ya marehemu mumewe, nyingine akaongeza moja moja. Mbili zilikuwa hospitali, tatu chuo cha ufundi, moja gereji ya mabasi, mbili ofisi za maji. Ya tisa, ambayo yeye aliiita ya saba kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa mgongoni, ilikaa kiwanda cha nguo, ghorofa ya pili, mwisho wa korido.

Hiyo aliipenda. Saa tisa alasiri jua liliingia kwa dirisha refu likajilaza sakafuni, na vumbi la pamba likaelea ndani ya mwanga polepole, halipandi wala halishuki. Alipomaliza kupanga chupa aligeuza kreti, akakaa. Mashine ilinguruma kwa sauti ya chini kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Katika kioo aliuona uso wake umekaa safu ya tatu, kati ya maji na juisi ya embe, na namba yake chini. Wakati mwingine uso ule ulikuwa wa msichana. Wakati mwingine nyuma yake alipita mtu mwenye mabega ya marehemu, amebeba marobota ya nguo, asigeuke. Hakuwa mwendawazimu. Alijua ni wafanyakazi tu wanapita. Lakini hakugeuka kuhakikisha.

Mwaka huu magoti yalikataa ngazi. Wakati huohuo mwenye nyumba alimwambia kwamba anauza: vyumba viwili alivyopanga miaka ishirini, cha mbele na cha nyuma chenye dirisha, milioni sita, taslimu, kabla mwezi haujaisha. Akitoa, vyote viwili vitakuwa vyake. Asipotoa, wapo wanaongoja. Basi, ili auze mashine, akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeendesha gari la mikate tangu ujana na aliyechoka kuamka kwa ajili ya tumbo la wengine.

Walikaa mezani, daftari katikati.

"Shemeji, kwa mwaka unaingiza fedha nyingi hivi," alisema yule dereva, kidole kikiwa juu ya jumla, "na bado unavaa viatu hivyo?"

"Hayo ni mauzo. Mauzo ni povu, usinunue povu. Shuka chini."

Wakashuka. Wakatoa bei ya bidhaa, kodi ya mahali, mafuta ya gari, springi zilizokatika, sarafu bandia, chupa zilizopitwa na tarehe. Ikabaki milioni nne kwa mwaka. Ndipo Mama Funguo akasema bei iwe faida ya mwaka mmoja na nusu, mashine zikiwa ndani yake, kwa sababu zimezeeka kama yeye na hakuna aliye na haki ya kuuza chuma chakavu kwa bei ya chuma kipya. Milioni sita. Hakusema kwamba ndiyo bei ya vyumba. Mtu asipoulizwa haja yake, hana sababu ya kuitia kwenye mizani.

"Hii ya saba nimeipenda," shemeji alisema. "Chupa arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na moja, kila wiki. Hii ndiyo mke. Hizo nyingine leo zinacheka, kesho zimenuna."

"Mkeo akisikia, utalala na mikate."

"Mikate angalau ina joto."

Alicheka peke yake. Mama Funguo alikuwa akiitazama ile safu ya arobaini na moja, arobaini na mbili, kana kwamba ameiona leo.

Ukweli ni huu. Miaka mitatu nyuma wafumaji wa ghorofa ya pili walihamishiwa chini. Korido ikabaki na vumbi lake. Mashine ikaanza kuuza chupa kumi na moja, na kiwanda kilikuwa na sharti: isiyouza arobaini kwa wiki iondolewe. Basi mwenyewe akanunua zilizobaki. Alianza kwa moja ya kiu, kisha mbili za nyumbani, kisha za watoto wa majirani, mpaka kila Jumamosi akawa anashuka ngazi na mfuko wa chupa thelathini. Zote alizilipia, sarafu baada ya sarafu, tena kwa fahari. Je, si ndiyo kanuni? Na jioni akaandika daftarini kile alichokikuta kwenye kisanduku cha sarafu. Hakuna tarakimu hata moja iliyokuwa ya uongo. Hivyo ndivyo watu waadilifu wanavyojidanganya. Mwizi hahitaji kujisumbua kiasi hicho.

"Nizione zote kabla sijalipa," shemeji alisema akiinuka. "Ya saba twende lini?"

"Ijumaa," alijibu, upesi kuliko alivyokusudia.

Kila Ijumaa dirisha la mishahara lilifunguliwa mwisho wa korido ile. Watu walipanga foleni, wakanywa wakingoja. Chupa kumi na moja za wiki nzima ziliuzwa saa hiyo. Ijumaa korido ilikuwa harusi. Siku nyingine ilikuwa matanga.

Shemeji alipoondoka alisahau karatasi yake mezani. Mama Funguo aliiokota ili aweke vikombe. Mbele ya kila mashine dereva alikuwa ameandika faida yake italipia nini nyumbani: za hospitali, chakula; ya gereji, kodi ya nyumba; za ofisi ya maji, mkopo. Mbele ya ile ya saba aliandika: ada ya binti mdogo, mpaka amalize shule.

Aliingia chumba cha nyuma, akaketi dirishani. Mwanga ulikuwa ule ule wa saa tisa. Aliuona mfuko wa chupa ukishuka ngazi peke yake, na mtoto wa kike mwenye sare ya shule anaufuata, akingoja chupa igeuke sarafu. Haikugeuka. Alikaa hivyo mpaka mwanga ukatoka ukutani. Kisha akapiga simu.

"Siyo Ijumaa. Njoo Jumanne."

"Jumanne nina mikate."

"Mikate ingoje."

Jumanne walikaa juu ya kreti mbili. Pamba ilielea. Mashine iliimba. Nusu saa ikapita, ikapita saa, na hakuna aliyetokea ila mfagizi, aliyewasalimu na kusukuma ufagio wake mpaka mwisho na kurudi.

"Wateja wako wanakuja kwa miadi?" shemeji aliuliza.

Mama Funguo aliinuka, akatoa sarafu, akabonyeza. Chupa ikaanguka. Akamtazama shemeji yake usoni, akabonyeza tena, na tena, mpaka zikawa nne sakafuni.

"Thelathini kila wiki," alisema. "Miaka mitatu."

Shemeji aliokota chupa moja, akaigeuza.

"Kwa hiyo mteja wako mkubwa ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ningeinunua, mteja naye angekuja?"

"Magoti yake hayapandi tena ngazi."

"Shemeji, ile ni ada ya mtoto wangu. Na kama ningekuja Ijumaa?"

"Ningekuuzia."

"Na ungelala?"

"Ningelala vizuri sana. Hicho ndicho kilichoniogopesha."

Shemeji hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alikunywa chupa yake yote, akaweka sarafu juu ya kreti kuilipia, akasema, "Haya, hesabu upya," kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenye duka asiyemjua.

Walihesabu palepale, daftari juu ya magoti. Ukurasa wa saba ulikuwa na faida ya laki sita kwa mwaka. Wakaufuta. Zikabaki milioni tatu na laki nne, mara moja na nusu, milioni tano na laki moja. Mashine yenyewe Mama Funguo alimwachia atolee vipuri. Shemeji alilipa siku ya tatu, yote, mbele ya mkewe. Tangu hapo alipokuja alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mzaha wake aliuacha kwenye gari.

Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya deni la laki tisa zilizopungua. Chumba cha nyuma akakiuza kwa fundi saa, aliyeweka meza yake chini ya dirisha. Mama Funguo alinunua cha mbele, kinachotazama ukuta. Ile kanuni ya kulipa aliendelea nayo ingawa mashine hazikuwa zake tena, ila sasa akinunua kitu hukiandika daftarini pamoja na jina la aliyekinunua.

Laki tisa, chumba chenye dirisha, na mzaha wa shemeji yake. Hivyo ndivyo vilivyomtoka.