Bei ya Kuvuka Rusizi

Mvua ikinyesha, darasa letu la Mururu lilinuka sweta zilizolowa na moshi wa majiko tuliyoyaacha alfajiri. Dirishani tuliiona Kongo ng'ambo ya mto Rusizi, na siku nyingine milio ya bunduki ilitufikia huku tukinakili masomo. Mwalimu wetu wa uchumi, tuliyemwita profesa, kijana aliyekulia ng'ambo, Bukavu, alitakiwa kufundisha kwa Kifaransa, lakini akichangamka alirudi kwenye Kiswahili chake. Siku ya somo la kwanza alituuliza, "Batoto, muntu ana bei gani?" Tukajibu kwa pamoja, kwa sauti ya kanisani, kwamba mtu hana bei. Akacheka. "Sawa. Lakini bei si franka tu. Bei ya kitu ni kile ulichokiacha ili ukipate."

Jamani, nilimpenda yule profesa, na nilipenda kujionyesha. Nyumbani nilimkuta mama akimenya mihogo, nikamtegea swali lile kama kitendawili, kisha nikampa na jibu. Nilidhani atacheka. Akaweka kisu chini.

Nilijua kwamba tulikimbia kutoka Kongo vita vilipofika kwenye kambi ya wakimbizi tulimoishi, na kwamba dada yangu Furaha alipotelea huko. Zaidi ya hapo sikuambiwa. Sasa mama akanieleza kwamba mwenye mtumbwi wa kuvusha mto alitaka kitenge kwa kila kichwa, na yeye mama alikuwa na viwili tu, kimoja kikiwa kile alichojifunga. "Weye ulikuwa na homa, hata kusimama hapana. Furaha alikuwa na miguu mizuri. Nikamuachia shangazi yako, nikasema batapita kwa barabara, batafika hata mbele yetu." Alifuta mikono. "Nilipiga hesabu, mutoto wangu. Ile hesabu ndiyo inaniua."

Nikaketi palepale kwenye maganda. Nilitaka kumwambia hakukosea, lakini ingekuwa kama kusema ni sawa Furaha kubaki. Nikaokota kisu. Tukamaliza kumenya mihogo.

Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha uchumi, huko Kamembe, upande wetu wa mto. Wanafunzi nao hujibu kwamba mtu hana bei, nami siwacheki. Jumamosi navuka daraja kwenda sokoni Bukavu. Naonyesha kitambulisho tu, sidaiwi hata kipande cha nguo. Nikifika ng'ambo natembea polepole, nawatazama usoni wanawake wa umri wa Furaha. Mama amezeeka, haoni vizuri. Nikirudi na mizigo, haniulizi nimenunua nini. Huniuliza, "Uliona nani?"