Kikapu cha Baba Kilichorudi Kitupu

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mitatu, mkulima wa migomba na kahawa huku Karagwe, upande wa Ihembe. Nina mke na mtoto mmoja, wa pili yuko njiani. Naomba jina langu lifichwe, maana mtu ninayemsema ni jirani yangu, tumetenganishwa na ua tu, na sitaki ajue ninachomwandalia Jumapili. Wasomaji wa ukurasa huu mtaniwia radhi nikiongea vibaya. Nina hasira, tena ya miaka mingi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kilijengwa chuo cha ufundi jirani na kwetu. Uwanja ule sehemu kubwa ilikuwa ya baba yangu. Aliutoa bure, akasema vijana wajifunze useremala hapa hapa nyumbani. Wakati wa ujenzi mama alikuwa akiwapelekea mafundi ndizi na maji ya kunywa, hakuna aliyemtuma. Tulijua chuo ni chetu.

Sasa kwetu mgeni hapokelewi hivi hivi. Anawekewa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa, ikatiwa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Unachukua punje mbili tatu, unatafuna, ndipo maongezi yanaanza. Kwa hiyo alipoletwa mkuu mpya wa chuo, mtu wa mkoa mwingine, baba alivaa koti lake la kanisani, akajaza kikapu, akaenda ofisini kumkaribisha.

Enzi zile msako wa magendo ulikuwa mkali. Kahawa yote iende chama cha ushirika, ukikutwa unaivusha mpakani umekwisha. Lakini hiyo ni kahawa ya magunia jamani. Nani amewahi kuona magendo ya kahawa iliyochemshwa, ya kikapu cha kupakata mapajani?

Baba Kiswahili kilimpiga chenga, yeye alikuwa mtu wa Kinyambo. Alifunua kikapu akasema, "Kahawa. Ya kwako. Chukua kidogo." Yule bwana, ambaye baba angeweza kumzaa, hata shikamoo hakumpa. Alisimama akasema, "Mzee, unaniletea magendo ofisini kwangu?" Akaita mgambo.

Mimi, kijana wa miaka kumi na sita wakati huo, nilikuwa shambani napalilia, nikaja kuitwa. Nilimkuta baba anavushwa uwanja, uwanja alioutoa yeye mwenyewe, mgambo wamemshika mkanda wa suruali, wanafunzi wamejaa madirishani wanamzomea, mlanguzi, mlanguzi. Nilimfuata mkuu nikamweleza kahawa ile ni ya kutafuna, ni heshima tu. Akaniambia ninyamaze nisije nikaunganishwa na mzee.

Kituoni waliijua kahawa ile mara tu walipoifunua. Wakamlaza mahabusu hivyo hivyo, asubuhi wakamwachia. Kahawa yenyewe walishaitafuna, wao na mgambo. Baba alirudi na kikapu kitupu, akakitundika ukutani, na tangu hapo nyumba yetu haikumwekea mgeni kahawa tena.

Na mkuu aliambiwa ukweli wiki ile ile, na walimu wake ambao ni wenyeji. Hakuja. Angekuja hata kusimama mlangoni tu, baba angemsamehe, namjua baba. Lakini mtu aliona aibu kumwangukia mzee asiyejua kusoma.

Miaka ikapita, baba akaugua ghafla tumbo. Gari lililokuwa karibu ni la chuo tu. Mama alitaka kukimbia kuliomba, baba akamkatalia, akasema hapandi gari la mtu aliyemwita mlanguzi. Tukambeba kwenye machela, majirani tukipokezana, mvua inanyesha, utelezi kila mahali. Alikata roho kabla hatujafika hospitali. Mkuu wa chuo hata kwenye mazishi hakutia mguu.

Basi na sisi tukawaonyesha. Njia yao ya kwenda kisimani ilipita kwetu, nikaiziba kwa miiba. Ng'ombe wa kijiji wakalala kwenye bustani yao ya kabichi. Wanafunzi nao wakaanza kutuibia mikungu. Ikafika mahali mchungaji wa kanisa letu akawaita pande zote mbili, wakakubaliana tuanze upya, tuwe na ujirani mwema. Na mkuu, ambaye sasa nywele ni nyeupe, akasema ataanzia kwa familia iliyotoa ardhi. Anakuja kwangu Jumapili, na watu wote watakuwepo.

Niliposikia nilicheka peke yangu. Nikakishusha kile kikapu, nikakifuta vumbi. Nitamkaribisha vizuri, nitamkalisha kiti cha baba, nitamwekea kikapu mapajani mbele ya kijiji kizima. Atafunua, atakuta hamna kitu. Nitamwambia, "Iliyokuwemo waulize mgambo wako." Nalala naiota hiyo siku, sitaki kuwadanganya.

Mama ndiye amenivuruga. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, na mtoto wa kwanza alitoka kwa upasuaji. Tumeambiwa uchungu ukianza tu awahishwe hospitali. Mvua zimeanza, na gari la karibu bado ni lile la chuo. Nilipomweleza mama mpango wangu hakunigombeza. Alisema, "Mume wangu nilimzika kwa sababu ya moyo huo huo. Mkwe wangu simziki."

Niliendelea kufuta kikapu. Na sitaki kumwomba yule mtu chochote, hata gari.

Naandika haya kikapu kiko mezani. Mama amekwisha kukausha kahawa, ameiweka kwenye sinia pembeni ya kikapu, hajaimimina. Ananisubiri mimi. Mke wangu amekaa mlangoni ameshika kiuno. Jumapili ni keshokutwa. Ndugu zangu, ningekuwa peke yangu nisingewauliza. Nimpe kitupu kama alivyomrudishia baba, au nimjazie? Niambieni, maana mkono wangu unakataa kuishika hiyo kahawa.