Siku ya kufunga shule Musoma, nilimshusha binti yangu jukwaani igizo halijaisha

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni kama mpo. Wadogo, marahaba, hata ambao hamjaniamkia.

Mimi ni bibi wa huku Bunda, upande wa Guta. Nimesoma kisomo cha watu wazima tu, kwahiyo mwenye kutaka kunisahihisha herufi amalize kwanza kusoma ndo anisahihishe. Simu kanifundisha mjukuu wangu Tabu. Naandika kwa kidole kimoja.

Haya ninayoleta nimeyafanya kwa mikono yangu. Waliokuwepo siku ile wengine bado wako hai, na najua wapo wanaosomaga humu. Nikiongeza chumvi wataniumbua.

Wiki hii nimeona mnarusha picha za shule zikifunga. Watoto na vyeti, wazazi wamevishwa maua ya plastiki shingoni, vigelegele. Nimeangalia picha moja nikaweka simu chini, nikaenda kupalia bustani ambayo haikuwa na majani.

Basi ngoja niseme.

Ilikuwa ile miaka ya shida inaelekea mwisho. Tulikuwa tumeoga kwa majani ya mpapai, sabuni hakuna, na tumekula ugali wa unga wa njano mpaka tukauzoea. Ndo mitumba ikaanza kuingia, watu wanasema ruksa, ruksa. Mtu akipata koti la mtumba anavaa hata jua la saa saba.

Mume wangu alikuwa ameshafariki. Aliniachia watoto watatu na shamba la pamba. Wa kwanza ni Nyangeta. Huyo alifaulu darasa la saba akachaguliwa sekondari moja ya pale Musoma, bweni. Shule sitaitaja, haikunikosea kitu.

Nilikuwa na shemeji, mdogo wake marehemu, anaitwa Mafuru. Hakuwa mtu mbaya. Alinilimia na plau yake kila msimu bila kunisimanga. Ila siku moja alikuja na wazee wawili wa ukoo, wanasema kuna mtu ana ng'ombe, anamtaka Nyangeta.

Nyangeta alikuwa pale pale anachambua dagaa kwenye ungo. Nikawajibu mbele yake:

"Ng'ombe hawasomi. Huyu anasoma."

Wazee wakainuka. Mafuru akabaki mlangoni, akasema, "Shemeji, hiyo sekondari itakurudishia mtoto na tumbo. Siku hiyo usiniite."

Nikamwambia, "Akipata tumbo, nitamleta kwako mwenyewe nimemshika mkono."

Maneno hayo niliyasema kwa kiburi. Yashikeni.

Nyangeta akaenda. Fomu wani, fomu tuu, hakuna shida. Likizo akirudi analima, anachuma pamba, jioni anawasomea wadogo zake. Akafika fomu tatu. Mwezi wa kumi na mbili ikaja barua, wazazi tunakaribishwa siku ya kufunga shule. Niliisoma mwenyewe, herufi moja moja, nikaikunja nikaiweka kwenye Biblia.

Mafuru akasema, "Na mimi twende, nikaione hiyo sekondari yako." Akavaa koti lake la mtumba. Tukapanda lori la pamba mpaka Musoma.

Vijana mnaosemaga shule za zamani zilikuwa na kila kitu, tulieni. Jukwaa lilikuwa madawati yameunganishwa. Pazia ni mablanketi ya bweni yameshonwa pamoja. Sisi wazazi tukakaa kwenye mabenchi, jua letu.

Ila chai ilikuwa na sukari! Mafuru alikunywa vikombe vitatu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, kumbe elimu ni tamu."

Hedimasta akasoma habari za muhula. Mahindi ya shamba la shule yamekubali. Timu ya netiboli imewafunga wageni. Bweni moja limevuja. Kuku wa mradi wameibiwa wote. Hapo kwenye kuku wanafunzi wakaguna, hedimasta mwenyewe akacheka, na sisi tukajua kuku wako kwenye matumbo ya nani.

Ikaja kwaya. Ikaja ngoma. Nilikuwa na furaha wakuu, sifichi. Nilikuwa nawaangalia wale wazazi wenye viatu nikijiambia, na mimi wa kwangu yuko humu humu.

Mwalimu akasema sasa kuna igizo, limetungwa na wanafunzi wa fomu tatu. Hakumtaja aliyetunga.

Akatoka Nyangeta. Amevaa yunifomu, na mbele ana tumbo.

Lilikuwa sweta limefungwa chini ya nguo. Sikuwa mjinga, nilijua ni sweta. Lakini alikuwa anatembea na lile tumbo kama mtu mzima. Ameshika kiuno nyuma na mkono mmoja, anapumua kwa mdomo. Mimi ndo nilikuwaga natembea hivyo nikiwa na mimba ya mdogo wake.

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa shule, amevaa kofia ya dereva, akatoka, akasema simjui huyu, akakimbia. Watu wakazidi kucheka.

Sasa wa kwetu wataelewa, wengine niwaeleze. Bibi yangu alitulea kwamba mtoto wa kike hafungi kitu tumboni, hata kwa mchezo. Tukicheza baba na mama tukiweka kibuyu chini ya nguo, tulikuwa tunachapwa. Alikuwa anasema unalivuta tumbo, na likishavutwa linakuja. Mimi nimekua nikiamini hivyo kama ninavyoamini mvua.

Na pembeni yangu amekaa nani? Mafuru. Akaniinamia sikioni.

"Shemeji, si ulisema utaniletea umemshika mkono?"

Akacheka.

Nikainuka.

Sijui nilipitaje kati ya watu. Najua nilipanda yale madawati na mguu mmoja peku, kandambili moja ikabaki chini. Nikamshika sikio mwanangu mbele ya shule nzima nikapiga kelele:

"Tumbo hilo umelipata wapi? Shuka! Shule imeisha, twende nyumbani!"

Wakuu, watu wakapiga makofi.

Walidhani na mimi nimo kwenye igizo. Mama mmoja alisimama kabisa na vigelegele, anasema, "Huyo mama anajua kuigiza jamani! Mpeni soda!"

Nyangeta akaniambia taratibu, midomo haichezi, "Mama, bado. Mama subiri kidogo, bado."

Nikamzaba kibao.

Hapo makofi yakakatika. Sweta likachomoka likaanguka kwenye madawati. Mtoto akawa analia kilio cha kweli, na kilio cha kweli kila mtu anakijua.

Nikamshusha nimemshika mkono. Nikampitisha mbele ya Mafuru hivyo hivyo. Mafuru alikuwa ameacha kucheka, anaangalia chini.

Getini hedimasta alitukimbilia na bahasha. "Mama, chukua basi ripoti yake. Amekuwa wa pili." Nikaipokea nikaiweka kwapani kama gazeti la kufungia samaki.

Tukatafuta lori la kurudi.

Nyumbani nilisubiri aombe msamaha. Nilikuwa najua mimi ndo nimekosewa. Yeye akawa anafanya kazi zote, anaitika "naam mama", basi. Krismasi ikapita hivyo.

Shule ilipokaribia kufunguliwa nikamwambia pakia sanduku. Akasema, "Sirudi."

"Kwanini?"

"Mama, kuna wasichana wa Bunda mjini tunasoma nao. Nilikutana nao sokoni. Wananiita Sweta."

Hapa ndo pananiuma kuliko kibao. Kibao kilikuwa hasira ya dakika moja. Ila huku nilikuwa na siku nzima za kufikiria. Ningesema neno moja tu, ningesema nimekosa, au ningemshika mkono nimpeleke mpaka getini nikaongee na hedimasta, angerudi. Alikuwa anasubiri niseme. Nilimwona anasubiri.

Nikamwambia, "Mimi sibembelezi mtu asome."

Nikatoka kwenda shamba.

Mwaka ule ule yule mwenye ng'ombe akarudi, na safari hii sikuwafukuza wazee. Nyangeta hakukataa. Ng'ombe ziliingia zizini kwangu, na asubuhi yake nilizikamua. Maziwa nilikunywa. Sitaki kuwaambia kwamba sikuyanywa.

Siku ya harusi Mafuru alinivuta pembeni. Akasema, "Shemeji, mimi siku ile nilikuwa nakutania tu." Na kweli alikuwa anatania. Shemeji kwetu ni mtani, ndo kazi yake. Nikamwambia najua, kale nyama. Ameshafariki naye, sina kinyongo naye.

Miaka ikaenda. Nyangeta akazaa, akafungua meza ya vitenge soko la Bunda. Ananiheshimu. Dawa ananinunulia, bati kaniezekea. Ila ile siku hajawahi kuitaja, na mimi pia. Ilikaa katikati yetu kama mgeni ambaye hakuna anayemkaribisha wala anayemfukuza.

Mwaka jana nikaenda Butiama kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu. Wakati wa kula akaja mama mmoja mnene, mwalimu mstaafu, ana miwani. Akaniangalia sana.

"Shikamoo mama. Wewe si mama yake Nyangeta?"

"Marahaba. Ndo mimi."

Akaanza kucheka, kisha akaacha. "Mimi naitwa Neema, tulisoma wote. Mimi ndo nilikuwaga mama yake."

Nikamwambia, "Mama yake wapi? Mama yake ni mimi."

"Kwenye igizo, mama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya blanketi, nimefunga kitenge na jembe begani, nasubiri zamu yangu nitoke. Nikachungulia, nakuta umeshatoka wewe."

Nikaweka sahani chini.

Nikamuuliza, na wewe ungetoka useme nini?

Neema akanihadithia lote. Igizo alilitunga Nyangeta. Yule binti anapata mimba, dereva anamkimbia, wazee wa ukoo wanataka kumwoza haraka wafiche aibu. Hapo mama anatoka shamba na jembe lake, anawatimua wazee, anasema mtoto atajifungua na atarudi shule. Mwalimu wao aliuogopa ule mwisho, maana enzi zile mwenye mimba hakuwa anarudi shule, lakini akauruhusu.

"Nyangeta alinifundisha mpaka kutembea," Neema akasema. "Anasema sio hivyo, mama hatembeagi hivyo. Kila siku mazoezini anasema, siku ya kufunga mama atakuja atajiona."

Chakula cha kipaimara kilinishinda.

Wiki ile ile nilienda Bunda sokoni. Nyangeta alikuwa anakunja vitenge. Nikakaa kwenye kindoo chake, nikasema nimekutana na Neema.

Akaendelea kukunja.

Nikasema, "Mwanangu, nilikukosea. Kwanza jukwaani, halafu nyumbani ndo zaidi."

"Mama, hayo ya zamani. Umekula?"

"Sijaja kula. Nataka kujua yule mama alisema nini mwishoni. Neema amesahau maneno yenyewe."

Nilidhani na yeye atasema amesahau. Imepita miaka mingi, ana wajukuu huyu.

Hakuinua kichwa. Alikuwa analinganisha pindo la kitenge, na akasema kwa sauti ya jukwaani kabisa, sauti ambayo sijaisikia tangu ni msichana:

"Rudisheni ng'ombe zenu. Ng'ombe hawasomi. Huyu anasoma."

Halafu akasema, "Sogea kidogo mama, mteja anataka kupita."

Nikasogea.

Wakuu, fundisho nililopata siwezi kulipamba. Mtoto wangu aliniomba nisubiri kidogo, nikashindwa kusubiri kidogo. Niliogopa tumbo la sweta, nikavunja kitu ambacho hakikuwa cha sweta. Na ukishamkosea mtoto, usikae unangoja yeye ndo aje. Nenda wewe mkubwa. Mimi nilienda, nimezeeka, na bado nimechelewa.

Tabu, huyu aliyenifundisha simu, ni mtoto wa mwisho wa Nyangeta. Yuko fomu tatu. Wanafunga Ijumaa, na amesema kuna igizo. Hajaniambia linahusu nini na mimi sijamuuliza. Mama yake ameniambia tutaenda wote. Nitakaa mpaka wafunge pazia, hata kama atatoka na tumbo, hata kama atatoka na pembe.

Wenye maoni wekeni. Kunisema ruksa, nimeyazoea makali. Na wewe ambaye mzazi wako alikukatisha kabla hujamaliza, maliza hapa. Nasoma polepole, ila nitasoma mpaka neno la mwisho.